Nilivyojiandaa kwa kozi ya usalama saiti, na kitu ambacho daftari langu halikuwa nacho

Siku jina langu linasomwa asubuhi kwamba mimi ni mmoja wa watu 5 watakaoenda kozi ya usalama kazini nilikuwa nimeshatimiza miaka 11 kwenye ujenzi, 3 ya mwanzo nikiwa saidia fundi halafu nikaingia kwenye fomu, yaani kupiga mbao na kusimamisha nguzo za kushikilia zege mpaka likomae. Na kusema kweli nilichowaza pale pale ni kwamba nitaenda kukaa kwenye kiti siku 4 naambiwa vaa kofia vaa buti. Nilikuwa na wiki 2 mbele yangu na ningeweza kuzipitisha hivi hivi. Kilichonifanya nisizipitishe hivi hivi ni mtaro mmoja.

Miaka kama 4 nyuma, saiti nyingine kabisa, tulikuwa tunachimba mtaro wa bomba la maji machafu. Kina chake kama mita 2 na kidogo, kuta zimesimama wima huku na huku, hakuna mbao wala bati la chuma la kuzuia udongo, na udongo wenyewe uliochimbwa umerundikwa pale pale ukingoni manake hakuna aliyetaka kuupeleka mbali halafu aurudishe tena. Usiku mvua ikanyesha. Asubuhi tunafika kuna ufa mwembamba umekimbia sambamba na mtaro, hatua moja hivi kutoka ukingoni. Niliuona. Nikamwona na msimamizi anauangalia, yeye akaniona mimi naangalia, kila mtu akasubiri mwenzake aseme, hakuna aliyesema, watu wakashuka. Kwenye saa 4 ukuta ukaja. Mwenzangu alikuwa ameinama anasawazisha mchanga wa kulalia bomba, akawahi kusimama tu, udongo ukamkamata mpaka kiunoni.

Nikisimulia hapa watu wanasema ah kiunoni tu, si mlimvuta akatoka. Hakutoka. Udongo ukishakubana hauvutiki, tulikuwa tunamshika mikono analia anasema mnanichana, ikabidi tuchimbe kwa mikono na vipande vya mbao karibu saa nzima, na tulikuwa wanne tumeruka mule ndani bila hata mmoja kuangalia ukuta wa upande wa pili ambao nao ulikuwa umelowa vile vile. Mguu ulivunjika sehemu 2, nyonga haikukaa sawa tena, kazi ya ujenzi kwake ikaishia hapo. Mimi nilichobaki nacho ni ule ufa. Nimeuona kwa macho yangu na sikufungua mdomo.

Basi jina liliposomwa nikamfuata mzee wetu wa majukwaa, yale ya kusimamia mafundi wakifanya kazi juu, huyu ndiye amekaa saiti kuliko sisi wote na alishawahi kupita kozi kama hiyo zamani. Nikamwambia mzee wangu, wamenichagua, nisome nini? Akaniambia mwanangu kusoma utasoma lakini usianze na kusoma, chukua daftari, tembea hii saiti yetu kama mtu aliyekuja leo kwa mara ya kwanza, andika kila kinachoweza kumuumiza mtu, ukienda na daftari tupu utarudi na maneno ya watu wengine.

Huo ushauri ndio uliobeba maandalizi yangu yote kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Nilikuwa nafika nusu saa kabla ya kazi na jioni nachelewa nusu saa kuondoka. Kila ukurasa nikauchora mistari nikapata sehemu 3, ya kwanza kitu gani kinaweza kuumiza, ya pili kitamuumiza nani, ya tatu sasa hivi kinazuiwa na nini. Sehemu ya kwanza ilijaa haraka sana. Nondo za kuanzishia nguzo zimechomoza juu kila mahali bila vifuniko, mtu akijikwaa akaangukia pale zinapita mwilini. Ngazi iliyofungwa kwa waya wa kufungia nondo, na kichwa chake kimeishia usawa wa slabu, kwa hiyo ukifika juu huna pa kushika, unapanda kwa magoti. Waya wa umeme wa mashine ya kukatia umepita kwenye dimbwi. Shimo la lifti ghorofa ya 2 limefunikwa na plaiwudi ambayo haikupigiliwa misumari wala haikuandikwa kitu, na hili nataka mtu alisome vizuri kwa sababu mimi mwenyewe sikuwa najua linavyoua mpaka mzee aliponieleza: mtu anatafuta plaiwudi ya kazi yake, anaiona ile pale imelala, anaiinua anaibeba mbele ya kifua, haoni miguu yake, anapiga hatua moja mbele na anaingia kwenye shimo alilolifunua yeye mwenyewe.

Sehemu ya tatu ndiyo iliyonifunza. Nilipokuja kuhesabu kwenye daftari, kati ya hatari 31 nilizoandika wiki ya kwanza, 14 pale kwenye "inazuiwa na nini" nilikuwa nimeandika "tunakuwa makini". Yaani hakuna kitu. Hakuna uzio, hakuna kifuniko, hakuna kibali, ni sisi tu na macho yetu, na macho yetu saa 10 jioni mgongo umechoka si macho ya saa 2 asubuhi.

Halafu nikaanza kuuliza watu habari za nusura, yaani yale mambo yaliyotaka kuua yakapita pembeni. Siku ya kwanza hakuna aliyesema kitu, wote walikuwa hapa kwetu hamna shida kaka. Baadaye nikaelewa, wanaona daftari, wanaona mimi nimechaguliwa, wanadhani naandikia ofisi. Ikabidi nimwambie kila mmoja siandiki jina, siandiki siku, naandika kitu kilichotokea tu, na nikaanza na la kwangu, nikasimulia jinsi mimi mwenyewe wiki chache nyuma niliangusha jeki ya fomu kutoka ghorofa ya 3 ikatua hatua 2 kutoka kwa dada mmoja aliyekuwa anapita na ndoo, na sikumwambia mtu. Baada ya hapo wakafunguka. Fundi umeme akasema ameshapigwa shoti mara 2 na ile ile ekstensheni, ule waya uliopita kwenye dimbwi. Kijana wa winchi akasema kamba imeanza kukatika nyuzi na alisema, akaambiwa imalize wiki. Nilijaza kurasa 5 kwa siku 1. Ukitaka watu wakuambie ukweli kuhusu usalama lazima waone kwanza kwamba aliyesema ukweli hakuadhibiwa, na hili naliweka juu kuliko kitabu chochote nilichosoma.

Jioni 2 nilizitumia na mzee kwenye jukwaa. Kumbe miaka yote nilikuwa napanda jukwaa bila kujua naangalia nini. Alinianzisha chini kabisa, akasema jukwaa linaanguka kuanzia miguuni: bamba la chuma liko chini ya kila mguu, chini ya bamba kuna ubao mpana au mguu umekaa kwenye tofali la kupasuka, udongo wenyewe umeshindiliwa au ni kifusi cha juzi. Kisha akanionyesha milalo ya kukingama, yaani vyuma vinavyozuia jukwaa lisiyumbe, jukwaa limefungwa kwenye jengo au limesimama lenyewe, mbao za kukanyagia zimejaa upana wote au zimeachwa pengo, reli ya juu ipo usawa wa kama mita 1 na ya kati ipo, na ule ubao wa pembeni chini unaozuia nyundo isisukumwe na mguu ikamwangukia mtu. Akasema likaguliwe kabla ya kutumika, na likaguliwe tena baada ya upepo mkali au mvua kubwa au mtu kulibadilisha, na hapo akaninyooshea kidole kwa sababu watu wa fomu ndio tunaochomoa milalo ili tupitishe mbao zetu halafu haturudishi. Ni kweli. Nilishafanya hivyo mara nyingi.

Kusoma nilisoma pia. Nilianza na ule mpangilio wa ngazi za kudhibiti hatari kwa sababu karibu kila kitabu cha usalama kinaanzia hapo, na ulinipindua kichwa. Mimi nilijua usalama ni kofia, buti, glovu, rifleta na miwani. Kumbe hivyo viko ngazi ya mwisho kabisa chini. Juu kuna kuiondoa hatari yenyewe isiwepo, ikishindikana unabadilisha na kitu chenye madhara kidogo, ikishindikana unaweka kizuizi kati ya hatari na mtu, kama uzio au kinga ya msumeno, halafu utaratibu na mafunzo na vibali, halafu ndiyo mtu avae. Nikarudi kwenye daftari langu na zile "tunakuwa makini" 14 nikajaribu kuziuliza moja moja kuanzia juu. Kukata tofali na zege kwa grainda, vumbi jeupe saiti nzima, sisi tulikuwa tunajifunga kitambaa puani. Kitambaa hakisaidii kitu, lile vumbi laini la silika ambalo hata hulioni ndilo linaloingia ndani ya mapafu na kuyaacha na makovu, na ugonjwa wake ukishaingia hauna dawa ya kuuponya. Ukianza juu unajiuliza, je tunaweza kuagiza tofali za kipimo tusikate? Kama lazima tukate, je tunaweza kumwagia maji kwenye blade wakati wa kukata, kwa mashine iliyotengenezwa kwa hiyo kazi? Barakoa ya kweli inakuja baada ya hayo. Nikaona pia kuna mkataba wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1988, namba 167, unaohusu usalama na afya kwenye ujenzi peke yake, na ndani yake imeandikwa kwamba mfanyakazi ana haki ya kuondoka kwenye hatari pale anapokuwa na sababu nzuri ya kuamini kwamba uhai au afya yake iko hatarini sasa hivi, na ana wajibu wa kumjulisha msimamizi mara moja. Nilisoma sentensi hiyo nikaweka kitabu chini. Nilikuwa nafikiria ufa.

Jambo lingine ambalo nisingelijua kama nisingeuliza mapema. Mwenzetu mmoja kati ya wale 5 kusoma kunamsumbua, ni fundi nondo hodari kuliko sisi wote lakini karatasi inamtoa jasho, na alikuwa ameshaamua kimya kimya kusema anaumwa siku ya kwanza. Nikapiga simu kwa waendesha kozi nikauliza kaka samahani, mafundisho ni ya lugha gani, vitabu ni vya lugha gani, na mtu asiyesoma vizuri anafanyaje mtihani. Wakajibu vizuri tu kwamba maswali anaweza kusomewa na akajibu kwa mdomo, na vitendo vina alama zake, ilimradi wajue kabla. Tungekaa kimya asingeenda. Mimi na yeye tukawa tunasoma pamoja mchana, namsomea kwenye voisi anasikiliza akiwa anasuka nondo, na alama za usalama tukazisoma kwa rangi, duara jekundu lenye mstari ni katazo, duara la bluu ni lazima ufanye, pembetatu ya njano ni tahadhari, kijani ni njia ya kutokea na huduma ya kwanza. Alizishika siku 1, akawa ananiuliza mimi.

Mengine ya maandalizi ni madogo ila usiyapuuze. Kitambulisho na nakala. Buti ambazo mguu umeshazizoea, usiende na mpya. Kama unatumia dawa au una kizunguzungu cha juu au una kovu la mgongo mwambie mwalimu mapema maana kuna mazoezi ya kupanda na kubeba. Omba usipangiwe kumwaga zege usiku wa kuamkia kozi, mwenzetu mmoja alipangiwa na siku ya kwanza yote alikuwa analala na macho wazi. Nenda na kofia yako mwenyewe uliyoizoea pia, kwa sababu yangu mwalimu aliigeuza akanionyesha mwezi na mwaka uliochapwa ndani, ilikuwa imepita muda wake zamani sana, na jina langu nilikuwa nimeliandika kwa rangi ya mafuta, akasema rangi na thina zinaweza kuidhoofisha plastiki.

Kozi yenyewe sitaisimulia yote. Nitasema pale daftari liliponisaidia na pale lilipokuwa tupu.

Siku ya kwanza ilikuwa uchimbaji. Mwalimu akauliza meta moja ya ujazo ya udongo ina uzito gani, watu wakasema kilo 300, kilo 500. Akasema ni kama tani 1 na nusu na ukiwa umelowa inazidi, ni kama gari dogo zima linakuja mguuni kwako. Akatupa viwango vya Marekani kama mfano wa kushika kichwani: mtaro ukifika kina cha mita 1.5 hivi lazima kuta zilazwe au zizuiwe, isipokuwa kama ni mwamba mtupu, udongo uliochimbwa ukae angalau sentimita 60 kutoka ukingoni, na ngazi iwe karibu kiasi kwamba mtu aliye ndani hatembei zaidi ya mita 7.6 hivi kuifikia. Na mtu mwenye ujuzi aukague kila siku kabla ya watu kushuka na kila baada ya mvua. Nilikuwa naandika na mkono unatetemeka manake kila anachotaja sisi hatukuwa nacho, hata kimoja. Alipouliza nani ana mfano, nikasimama nikasimulia yote pamoja na ufa. Darasa likanyamaza. Mwalimu hakunihukumu, akaniuliza kitu kimoja tu, kaka, ungesema maneno gani? Nikajibu ningesema si salama. Akasema hapana, msimamizi anasikia "si salama" kila siku, sema unachokiona, sema kuna ufa hapa umbali huu kutoka ukingoni, jana haukuwepo, mvua imenyesha, naomba mtu asishuke mpaka aitwe fulani aukague. Tukafanya mazoezi ya kusema hivyo wawili wawili, mmoja msimamizi mkali mmoja fundi, na niwaambie ukweli ndilo zoezi gumu kuliko yote ya siku 4, watu wazima wenye misuli wanashindwa kumaliza sentensi.

Siku ya kazi za juu nikajua kwamba nilikuwa navaa hanesi, ile mikanda ya mwilini ya kufungia kamba ya kuzuia kuanguka, kwa kujifariji. Mwalimu akatupa hesabu: kamba yenye urefu wa mita 1.8, kile kipoza mshtuko kikifunguka kinaongeza kama mita 1 na zaidi, kutoka ndoano ya mgongoni mpaka miguuni kama mita 1.5, na lazima ubaki na nafasi ya akiba chini kama mita 1. Jumlisha, ni zaidi ya mita 5 kutoka pale ulipofunga kamba, na kama umeifunga chini miguuni badala ya juu ya kichwa inazidi. Mimi kazi zangu nyingi zilikuwa slabu ya mita 3 na nusu, nimefunga kamba kwenye bomba lililo usawa wa kifundo cha mguu. Ningefika chini kipoza mshtuko hakijamaliza kufunguka. Pale jibu lilikuwa reli pembeni. Na akasema mtu aliyening'inia kwenye hanesi asiachwe kusubiri, damu inakwama miguuni na anaweza kuzimia na kufa huku amening'inia mzima, kwa hiyo mpango wa kumshusha unakuwepo kabla hajapanda.

Ndipo akatueleza habari za daraja la Golden Gate kule San Francisco, lililojengwa kuanzia 1933 mpaka 1937. Injinia mkuu Joseph Strauss aliamuru wavu utandazwe chini ya daraja zima, na wavu ule uliwadaka watu 19. Lakini Februari 1937 jukwaa zito likachomoka likaupasua wavu, na watu 10 wakafa siku hiyo moja. Mwalimu akauliza tumesikia nini, mwenzetu fundi nondo akajibu wa kwanza, wavu hausahau kama mtu anavyosahau, lakini wavu nao una uzito wake, usiulize tu kama kinga ipo, uliza kinga inabeba nini. Nilifurahi kuliko kama ningejibu mimi.

Sasa pale daftari lilipokuwa tupu. Siku ya 3 mwalimu akaandika ubaoni sehemu finyu, akauliza nani ameshawahi kuingia kwenye tangi au shimo lililofungwa. Nikanyoosha mkono kama mtu anayetaja kazi yake, nikasema mimi huwa navua fomu ndani ya matangi ya maji ya chini ya ardhi, zege likishakomaa tunafungua mfuniko tunashuka tunabomoa mbao tunazitoa kwa ule mlango mdogo. Akaniuliza huwa mnapima hewa na nini? Sikuelewa hata swali. Akaeleza taratibu, hewa ya kawaida ina oksijeni karibu asilimia 20.9, ikishuka chini ya 19.5 inahesabiwa pungufu, na mbao mbichi zilizolowa zikifungiwa wiki kadhaa kwenye chumba cha zege zinaoza na kuila oksijeni, huoni, hunusi, unashuka ngazi unajisikia mwepesi na magoti yanaisha. Mtu wa kwanza anaanguka, wa pili anamuona mwenzake amelala anaruka kumwokoa, wa tatu vivyo hivyo. Ndiyo maana ajali hizi zinaua watu wawili wawili watatu watatu, na wengi wao ni waokoaji. Na ukishusha pampu ya petroli mule ndani kutoa maji, moshi wake peke yake unatosha.

Nilifungua daftari langu pale pale darasani nikatafuta. Hatari 31 za wiki ya kwanza, nusura kurasa 5, wiki ya pili nimeongeza mpaka 52. Tangi halimo. Kwenye saiti yetu wakati ule kulikuwa na tangi limemwagwa slabu yake ya juu, fomu iko ndani, mimi ndiye niliyeipiga, nimepita juu yake kila asubuhi na daftari mkononi. Niliandika mfuniko haujawekewa uzio mtu anaweza kutumbukia. Hewa ya ndani sikuiwaza kwa sababu nimeshaingia mara nyingi na nikatoka. Nilimuuliza mwalimu wakati wa mapumziko, kwa nini sisi hatujafa? Akasema mlikuwa na bahati ya mifuniko kukaa wazi au mbao kuwa kavu, bahati haiachi alama ukutani. Usiku ule sikulala vizuri. Nilikuwa nawahesabu saidia fundi wote niliowahi kuwaambia tangulia ufungue misumari ya chini.

Siku ya mwisho ilikuwa moto na huduma ya kwanza, kubonyeza kifua mara 30 na pumzi 2, kasi ya 100 mpaka 120 kwa dakika, kina sentimita 5 mpaka 6, na nawaambia ule mdoli unachosha kuliko kubeba saruji, dakika 2 tu unahitaji mtu wa kukupokea. Mtihani wote 5 tulipita.

Kurudi saiti sikupokelewa na makofi. Nondo zikapata vifuniko wiki ile ile kwa sababu ni rahisi. Plaiwudi ya shimo la lifti tukaipigilia na kuiandika kwa rangi. Kamba ya winchi ilichukua muda, ikabidi twende wote 5 kwa injinia na ule ukurasa wa daftari. Kisha ikafika zamu ya tangi.

Msimamizi alishapanga, asubuhi kijana mmoja saidia fundi ameshika nyundo na baa yuko tayari mdomoni mwa tangi. Nikasema kama nilivyofundishwa, moyo unanidunda, bosi, hili tangi limefungwa wiki 4, ndani kuna mbao mbichi na maji, hewa haijapimwa, naomba asishuke mtu mpaka tupate kipimo na feni. Akaniambia matangi mangapi umeshaingia wewe mwenyewe? Nikasema mengi, na nilikosea. Akaniangalia muda mrefu. Akaondoka bila kusema kitu, nikajua kazi imeisha. Mchana akarudi akasema kipimo kinakodiwa, kinakuja keshokutwa, fanyeni kitu kingine.

Kikaja. Tukakifunga kamba tukakishusha taratibu, tunasimama kila mita kusoma. Mdomoni 20.9. Katikati 20.1. Kabla hakijagusa chini kengele ikaanza kulia, tukakivuta kiasi tuione namba, 18.4. Tukaweka feni na mpira wa kusukuma hewa mpaka chini, tukaondoka, tukarudi tukapima, tukasubiri tena, mpaka sehemu zote zikasoma 20.8. Mtu mmoja akabaki juu kazi yake moja tu kuangalia na kuwasiliana, akaambiwa wazi kwamba likitokea lolote asishuke.

Yule kijana wa nyundo alikuwa amekaa pembeni muda wote akitazama kile kidude. Alipovaa glovu zake ashuke aliniuliza, kaka, namba ile ya kwanza iliyolia ilikuwa ngapi? Nikamwambia. Akaomba kalamu, akachukua daftari langu, akaiandika mwenyewe.